Namna ya Kuzuru na Kuyasoma Magofu ya Tamtoc, Mji wa Kale wa Wahuasteki

Tamtoc ulijengwa mahali ambapo mto Tampaón unajipinda kupita kwenye uwanda wa joto wa manispaa ya Tamuín, jimbo la San Luis Potosí, mashariki mwa Meksiko. Eneo lake linazidi hekta 130 na lina miundo ipatayo 70, lakini hutaona humo ngazi zenye mwinuko mkali wala kuta ndefu za mawe yaliyochongwa kama zile za Teotihuacan au Chichén Itzá, magofu mashuhuri ya Meksiko. Ndiyo maana wageni wengi huzunguka kwa saa moja, wakapiga picha ya kilima kilichoota majani, kisha wakaondoka wakinung'unika kwamba hapakuwa na kitu. Kitu kipo tele, ila mji huu husomwa kwa kufuata maji, udongo na mistari ya duara, na anayetafuta urefu wa majengo ataukosa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujiandaa, njia ya kupita, na mambo ya kuangalia ukishafika.

Wajue kwanza wenye mji

Wahuasteki, ambao wenyewe hujiita Wateenek, huzungumza lugha ya ukoo wa Kimaya, ingawa wanaishi mbali sana kaskazini ya ndugu zao wa Yucatán, Chiapas na Guatemala. Utengano huo ni wa zamani mno, na ndio unaoeleza kwa nini sanaa na ujenzi wao haufanani na ule wa Wamaya tunaouona katika vitabu vingi. Hutakuta hapa maandishi marefu yaliyochongwa kwenye nguzo za mawe wala orodha za wafalme na tarehe zao. Ukija na matarajio ya aina hiyo, utakuwa unadai jibu la swali ambalo mji huu haukuulizwa.

Ni muhimu pia kufahamu kwamba watu hawa hawakutoweka. Sensa ya Meksiko ya mwaka 2020 ilihesabu wasemaji zaidi ya 160,000 wa Kiteenek, wengi wao wakiwa San Luis Potosí katika manispaa kama Aquismón, Tanlajás na Tancanhuitz, na wengine kaskazini mwa jimbo la Veracruz. Kwa hiyo unapozungumza na mtembezaji au mlinzi wa eneo, usitumie lugha ya "watu waliopotea". Mtu unayemwambia hivyo huenda ni Mteenek mwenyewe.

Historia ya mwisho wa mji inahitaji maelezo machache tu. Waazteki, dola kubwa ya Meksiko ya kati, walifanya kampeni za kijeshi katika Huasteca, yaani nchi ya Wahuasteki, kuanzia katikati ya karne ya 15, wakati wa mfalme wao Moctezuma wa Kwanza, na watawala waliomfuata waliendelea kuishambulia. Hernán Cortés, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, aliingia eneo la mto Pánuco mwishoni mwa mwaka 1522. Mwaka 1527 Mhispania mwenzake, Nuño de Guzmán, akawa gavana wa Pánuco, na chini yake wenyeji wengi walikamatwa na kusafirishwa kama watumwa kwenda visiwa vya Karibi, ambako walibadilishwa kwa mifugo. Baadaye ardhi ya uwanda huu ikawa malisho ya ng'ombe. Ukiona ng'ombe wakichunga karibu na njia ya kwenda kwenye magofu, umekutana na sura ya baadaye ya historia hiyo hiyo.

Anzia Jiji la Meksiko ikiwezekana

Kama safari yako inapitia mji mkuu, tenga muda wa kuingia Makumbusho ya Taifa ya Antropolojia, katika ukumbi wa tamaduni za Pwani ya Ghuba ya Meksiko, ambako kuna sanamu maarufu iitwayo Kijana wa Tamuín. Sanamu hiyo ya jiwe la mchanga iligunduliwa katika shamba la El Consuelo, karibu na Tamuín, mwanzoni mwa karne ya 20. Inamwonyesha kijana aliyesimama uchi, mwenye mapambo masikioni na fuvu lililorefushwa kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo, naye amebeba mtoto mdogo mgongoni.

Usiitazame kwa mbele tu. Zunguka upande wa nyuma umwone mtoto, ambaye wageni wengi hawamwoni kabisa kwa kuwa husimama mahali pa kupiga picha na kuondoka. Kisha sogea uangalie ngozi: sehemu za mwili zimejaa michoro ya alama iliyochongwa kwa kina kidogo sana, ambayo huenda inawakilisha chale au michoro ya mwilini. Angalia mahali michoro inapoanza na mahali inapokoma, maana mchongaji aliacha sehemu nyingine za mwili zikiwa laini kabisa, na tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Wapo wataalamu wanaomhusisha kijana huyu na mungu Quetzalcóatl, nyoka mwenye manyoya, na wapo wanaomwona kama kuhani kijana. Hoja ya kwanza ina nguvu, lakini hakuna maandishi yanayolimaliza suala hilo, na wewe huna sababu ya kulimaliza mbele ya kioo cha makumbusho.

Faida ya kuanzia hapa ni kwamba jicho lako litazoea mambo mawili utakayoyakuta tena Tamtoc: mwili wa binadamu kama mahali pa kuandika, na uchongaji wa kina kifupi unaodai mwanga wa ubavuni.

Majira, njia na mavazi

Mji wa kufikia ni Ciudad Valles, wenye hoteli na mabasi ya kutoka miji mikubwa ya Meksiko. Kutoka hapo unafuata barabara kuu namba 70 kuelekea Tampico hadi Tamuín, mwendo wa takribani kilomita 30, kisha unachukua barabara ya San Vicente Tancuayalab. Barabara hii ndiyo inayokupeleka kwenye maeneo yote mawili ya magofu, Tamohi dogo kwanza na Tamtoc mbele zaidi. Usafiri wa umma unakufikisha Tamuín bila shida, lakini kutoka hapo ni busara kukodi teksi na kukubaliana na dereva mapema, kwa peso, bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Dereva akikushusha na kuondoka, utaipata tabu ya kurudi.

Nenda kati ya Novemba na Februari. Miezi ya Aprili na Mei ina joto linaloweza kuvuka nyuzi 40, na kuanzia Juni hadi Oktoba mvua huweza kufanya njia za udongo zisipitike. Hata katika miezi ya baridi, fika asubuhi mlango unapofunguliwa. Vaa suruali ndefu na soksi zilizopandishwa juu yake, kwa sababu majani ya uwanda huu yana kupe na utitiri mwekundu ambao huuma ngozi kwenye vifundo vya miguu na kuwasha kwa siku kadhaa. Hili halitajwi sana katika vipeperushi vya utalii, nami nalitaja kabla ya kofia na maji ya kunywa, ambayo bila shaka ungeyakumbuka mwenyewe.

Kabla ya kuondoka hotelini, uliza kama maeneo yamefunguliwa siku hiyo na kiingilio ni kiasi gani. Mambo haya husimamiwa na taasisi ya taifa ya antropolojia na historia, INAH, iliyoanzishwa mwaka 1939, na ratiba hubadilika. Jumapili raia na wakazi wa Meksiko huingia bure katika maeneo ya INAH, kwa hiyo mgeni anayependa utulivu achague siku nyingine.

Simama Tamohi kabla ya Tamtoc

Tamohi, ambayo pia huitwa El Consuelo kwa jina la shamba la zamani, ni ndogo na humalizika kwa muda mfupi, lakini isirukwe. Hapa ndipo mwaka 1946 mwanaakiolojia Wilfrido Du Solier alipotangaza michoro ya ukutani iliyopakwa kwa rangi nyekundu juu ya plasta nyeupe ya chokaa. Inaonyesha msafara wa watu waliovaa mapambo mengi, mmoja akimfuata mwenziwe, kwenye altari ya chini yenye umbo la koni iliyokatwa juu. Rangi imefifia sana. Usitegemee kuona msafara mzima. Tafuta nakala ya mchoro iliyochorwa na wagunduzi, uiweke kwenye simu yako, halafu ulinganishe kipande kwa kipande na kile kilichobaki mbele yako: hapa ncha ya kilemba, pale mkunjo wa vazi.

Jambo la pili la kuangalia Tamohi ni sakafu na kingo za majukwaa. Plasta ya chokaa ilifunika viwanja, ngazi na altari kama ngozi moja isiyokatika, na pale ilipobomoka unaweza kuona matabaka, moja juu ya jingine, kwa kuwa kila ukarabati uliongeza tabaka jipya badala ya kuondoa la zamani. Ukilielewa hilo hapa, ambapo ni rahisi kuliona, utajua unachokitafuta kwenye vilima vya Tamtoc, ambako ni vigumu zaidi.

Tamtoc: fuata maji

Ukishaingia Tamtoc, utashawishika kuelekea moja kwa moja kwenye kilima kirefu. Jizuie. Nenda kwanza kwenye sehemu iitwayo La Noria, penye chemchemi na mfumo wa mifereji iliyojengwa kwa mabamba ya mawe. Simama hapo ujiulize swali la kihandisi kabla ya swali la kidini: maji yalitoka wapi, yalielekezwa wapi, na nani alinufaika nayo? Mto uko karibu, na kuchota maji huko kusingekuwa tatizo. Watu waliokata mabamba na kuyapanga ili chemchemi ipite njia waliyoitaka walikuwa wakifanya jambo zaidi ya kutafuta maji ya kunywa, na jambo hilo linajitokeza wazi ukitazama kile walichokisimamisha hapo.

Mwezi Februari mwaka 2005, wakati wa kazi katika mfumo huo wa maji, liligunduliwa bamba kubwa la jiwe lililokuwa limevunjika vipande. Leo hujulikana kama Monolithi 32. Lina urefu wa zaidi ya mita 7, kimo cha takribani mita 4, na uzito wa zaidi ya tani 30. Mradi wa uchimbaji uliongozwa na Guillermo Córdova Tello na Estela Martínez Mora.

Litazame kwa mpangilio ufuatao. Anza katikati, kwa mwanamke aliyesimama akielekea mbele, mwenye uso uliokonda ukafanana na fuvu. Shuka hadi miguuni uone mafuvu aliyoyakanyaga. Kisha angalia pande zote mbili, ambako kuna wanawake wawili wasio na vichwa. Kutoka kwenye shingo zao hutiririka kitu, na mtiririko huo huelekea kwa mwanamke wa katikati. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote Tamtoc. Fuata mstari mmoja wa mtiririko kwa jicho, taratibu, kuanzia shingoni hadi unapofika, kisha rudia kwa upande wa pili. Damu? Maji? Kwa kuwa jiwe lilikuwa sehemu ya mfumo wa chemchemi, jibu la busara ni kwamba mchongaji hakutaka kuvitenganisha: kifo cha wale wawili kinamlisha yule wa katikati, naye amesimama mahali maji halisi yalipopita.

Mchongo ni wa kina kifupi, na jua likiwa utosini huonekana kama jiwe tupu lenye makovu. Sogea kushoto, kisha kulia, ukiinama kidogo, mpaka kivuli kiingie kwenye mistari. Kama uko na wenzako, mmoja asimame mbali akuelekeze, maana aliye karibu mno huona mistari asione umbo.

Utasikia jiwe hili likiitwa kalenda ya mwezi. Tafsiri hiyo ilitolewa na wachimbaji wenyewe kutokana na alama zilizohesabiwa juu yake, na imeenea sana, lakini si wataalamu wote wanaoikubali. Nashauri uichukue kama pendekezo zuri linalostahili kujaribiwa, na usiruhusu jina hilo likufanye uache kuwatazama wanawake watatu, ambao hawana shaka yoyote.

Katika eneo hilo hilo la maji ilipatikana pia sanamu ya mwanamke asiye na kichwa, wala sehemu ya chini ya miguu, ambayo mabega na mapaja yake yamepambwa kwa safu za vivimbe vidogo mfano wa chale. Imechongwa kwa namna inayokaribia mno mwili halisi, jambo lisilo la kawaida katika sanaa ya kale ya Meksiko. Ukionyeshwa sanamu hiyo au nakala yake, linganisha chale zake na michoro ya mwilini ya Kijana wa Tamuín.

Sasa panda macho kwenye vilima

Baada ya maji ndipo uende kwenye vilima vikubwa, Tizate na Cubilete, na uwanja mpana ulio karibu navyo. Usivipande kama hakuna ngazi au njia iliyowekwa. Badala yake, vizunguke, na ukiwa unazunguka tafuta pembe. Hutaipata kwa urahisi: Wahuasteki walipendelea msingi wa duara au wenye kona zilizolainishwa, na wataalamu wengi huyahusisha majengo ya aina hiyo na Ehécatl, mungu wa upepo. Tazama pia ujenzi wenyewe, yaani kiini cha udongo uliobebwa na kupondwa, kisha mabamba na mawe ya kushikilia pembeni, na juu yake plasta. Udongo wote huo ulibebwa na binadamu, kwani hapakuwa na farasi, ng'ombe wala gurudumu la kukokota mzigo.

Kundi liitwalo Corcovados, lenye majukwaa madogo ya chini, hupuuzwa na wengi kwa sababu halivutii kamera. Lakini makaburi yaliyochimbwa Tamtoc, mengi yakiwa ya wanawake, yamewafanya wanaakiolojia wafikiri upya nafasi ya wanawake katika mji huu. Ukiyaweka makaburi hayo pamoja na wanawake wa Monolithi 32 na sanamu yenye chale, unaona kwamba si mapambo ya hapa na pale. Watu wengine huruka kutoka hapo hadi kusema kwamba mji ulitawaliwa na wanawake, na huko ni kwenda mbali kuliko ushahidi.

Namna ya kuuliza kuhusu tarehe

Mtembezaji akikuambia kwamba Monolithi 32 ni la mwaka 600 KK, muulize kwa heshima tarehe hiyo ilipatikanaje. Jiwe lenyewe halipimiki kwa kaboni. Kinachopimwa ni mkaa, mifupa au mabaki mengine yaliyokuwa pamoja nalo kwenye tabaka moja la udongo, na hoja nzima inategemea kama vitu hivyo viliwekwa wakati jiwe liliposimamishwa au viliingia hapo kwa njia nyingine. Wachimbaji waliotaja tarehe hiyo ya zamani wanafanya mji uwe na mizizi mirefu sana, ilhali sehemu kubwa ya majengo unayoyaona juu ya ardhi ni ya karne za mwisho kabla ya Wahispania. Mwanaakiolojia Mfaransa Guy Stresser-Péan na mkewe Claude, waliofanya kazi hapa miaka ya 1960, muda mrefu kabla jiwe hilo halijagunduliwa, waliandika zaidi juu ya mji huo wa baadaye. Mtembezaji mzuri atafurahia swali lako. Asiye mzuri atarudia tarehe kwa sauti kubwa zaidi.

Vigae, ndege zisizo na rubani na mambo mengine ya sheria

Baada ya mvua, vigae vya vyungu hujitokeza juu ya udongo, vikiwemo vile vyeupe vyenye michoro myeusi ambavyo ni alama ya Wahuasteki wa nyakati za mwisho. Piga picha, lakini usiinue hata kimoja. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 inavifanya vitu vyote vya kiakiolojia kuwa mali ya taifa isiyouzika, na zaidi ya sheria, kigae kilichoondolewa mahali pake hupoteza karibu kila kitu kilichoweza kumwambia mchimbaji. Mtu akikuuzia "sanamu ya kale" kando ya barabara, ama ni bandia au ni ya wizi. Kurusha ndege isiyo na rubani na kutumia kamera yenye miguu mitatu huhitaji kibali cha INAH kilichoombwa mapema.

Ukiwa na siku zaidi

Ciudad Valles ina Makumbusho ya Kanda ya Huasteca yenye jina la Joaquín Meade, panapofaa kwa mchana wa joto kali. Ukiendelea mashariki hadi Tampico, utaikuta piramidi ya duara ya Las Flores ikiwa imezungukwa na nyumba za mjini. Mwanaakiolojia Mmarekani Gordon Ekholm alichimba katika eneo la Tampico na Pánuco mwanzoni mwa miaka ya 1940, na mpangilio wake wa vipindi vya vyungu ulitumiwa na waliomfuata kwa muda mrefu. Tampico pia ina Makumbusho ya Utamaduni wa Huasteca.

Anayependelea maji kuliko makumbusho aelekee upande wa pili, magharibi ya Ciudad Valles, hadi maporomoko ya Tamul, ambako mto Gallinas huanguka mita 105 ndani ya korongo la mto Santa María. Kuanzia hapo mto huitwa Tampaón, na ndio huo huo unaoteremka kupita Tamtoc. Mashua za kupiga makasia huondoka katika vijiji vya manispaa ya Aquismón, na wakati wa mvua kubwa safari hizo husimamishwa.